Sandhills (Nebraska)

Sandhills (maana yake "vilima vya mchanga") ni eneo la mashambani katika kaskazini na magharibi ya kati ya jimbo la Nebraska, nchini Marekani. Lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50,000, yaani zaidi kidogo ya robo ya jimbo lote. Ni uwanja wa matuta ya mchanga ulio mkubwa kuliko yote katika mabara ya Amerika, lakini si jangwa: karibu matuta yote yamefunikwa na nyasi, na chini yake kuna hazina ya maji ya ardhini iliyo miongoni mwa kubwa zaidi duniani.

Eneo hili hujulikana kwa ufugaji wa ng'ombe wa nyama, kwa mito ambayo maji yake hayapungui sana hata wakati wa ukame, na kwa barabara ndefu zinazopita vijiji vichache mno. Kaunti kadhaa za Sandhills zina wakazi wasiofika 500 kila moja.

Jiografia

Matuta ya Sandhills yametokana na mchanga uliopeperushwa na upepo katika miaka elfu kumi iliyopita. Mengine yana kimo cha zaidi ya mita 100 na urefu wa kilomita nyingi. Wataalamu wa jiolojia wamegundua kwamba nyasi zilizoyafunika zimewahi kufa na mchanga ukaanza kutembea tena, na si mara moja. Mara ya mwisho kwa kiwango kikubwa ilikuwa takriban miaka 1,000 iliyopita, wakati wa ukame mrefu. Kwa hiyo Sandhills tunayoiona leo ni jangwa lililolala. Mvua ya mwaka ni takriban milimita 400 upande wa magharibi na karibu 600 upande wa mashariki. Ikipungua sana kwa miaka mingi mfululizo, mchanga unaweza kuamka.

Hatari hiyo huonekana kwa kiwango kidogo kila siku. Nyasi zikikatwa na kwato za ng'ombe au na magurudumu ya gari mahali palipo wazi kwa upepo, mchanga huanza kuchimbuka na shimo hupanuka mwaka hadi mwaka. Wafugaji wamejaribu kila njia ya kuyaziba mashimo hayo, yakiwemo kutandaza nyasi kavu na kujaza matairi mabovu. Ajabu ni kwamba kuna ua moja, Penstemon haydenii, linaloota ndani ya mashimo hayo hasa. Kadiri wafugaji walivyofaulu kuyaziba, ndivyo ua hilo lilivyozidi kuwa haba, hadi mwaka 1987 likaandikwa na serikali ya Marekani katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka.

Mchanga hunyonya mvua upesi, hivyo maji machache tu hutiririka juu ya ardhi. Mengine huzama hadi akwifa ya Ogallala, yaani tabaka la changarawe na mchanga linalohifadhi maji chini ya majimbo manane, kutoka South Dakota hadi Texas. Huko Texas na Kansas akwifa hiyo imepungua sana kwa sababu ya umwagiliaji. Chini ya Sandhills hali ni tofauti: tabaka lenye maji hufikia unene wa takriban mita 300 mahali pengine, na theluthi mbili hivi za maji yote ya akwifa ziko katika jimbo la Nebraska. Katika mabonde mengi kati ya matuta maji haya yako karibu sana na uso wa ardhi, na mahali pengine hujitokeza kama ziwa, bwawa la matope au malisho yenye unyevu. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama juu ya tuta kavu la mchanga na kuona bata-maji hatua mia chache chini yake.

Mito na maziwa

Mito ya Sandhills haifanani na mito mingi ya nchi kavu, ambayo hufurika wakati wa mvua na kukauka baadaye. Kwa kuwa hulishwa na maji ya ardhini, mtiririko wake hubadilika kidogo tu kati ya majira. Kwenye Mto Dismal kuna chemchemi ambamo mchanga huonekana kama unachemka, kwa sababu maji husukumwa juu kwa nguvu kutoka chini.

Mto Dismal ni tawimto la Middle Loup na huungana nao karibu na kijiji cha Dunning. Kuna mito mitatu yenye jina la Loup: North Loup, Middle Loup na South Loup. Yote huanza katika vilima, huungana upande wa mashariki na kuingia Mto Platte kwenye mji wa Columbus. "Loup" ni neno la Kifaransa kwa mbwa-mwitu. Wafanyabiashara Wafaransa walitafsiri tu jina la Waskidi, tawi la Wapawnee lililojulikana kama watu wa mbwa-mwitu. Mto Calamus huingia North Loup karibu na Burwell, na umezuiwa kwa lambo lililojengwa katika miaka ya 1980. Mto Elkhorn huanza katika pembe ya mashariki ya eneo.

Mkubwa kuliko yote ni Mto Niobrara. Chanzo chake kiko mashariki mwa jimbo la Wyoming; hupita ukingo wa kaskazini wa Sandhills na baada ya kilomita 900 hivi huingia Mto Missouri kwenye mji unaoitwa pia Niobrara. Karibu na Valentine mto umechimba bonde refu, na katika bonde hilo aina za mimea za mashariki, magharibi na kaskazini mwa Amerika hukutana. Misonobari ya Milima ya Rocky huota upande mmoja, mialoni ya mashariki upande mwingine, na kwenye makorongo yenye baridi imebaki mibetula, mabaki ya misitu ya enzi ya barafu ambayo kwa kawaida ingetafutwa mamia ya kilomita kaskazini zaidi. Maporomoko ya Smith, yenye kimo cha mita 19, huanguka katika korongo moja la upande wa kusini na ndiyo marefu kuliko yote katika Nebraska.

Bonde hilo lilikaribia kuzamishwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya shirikisho ilipanga kujenga lambo kubwa karibu na Norden ili kumwagilia mashamba ya mahindi upande wa mashariki. Wafugaji waliokuwa wapoteze ardhi yao walishirikiana na watetezi wa mazingira, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani juu ya mambo mengi, wakapinga mradi mahakamani na bungeni. Lambo halikujengwa. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilitangaza kilomita 122 za mto huo kuwa mto wa mandhari unaolindwa kitaifa. Siku hizi maelfu ya watu huja kila kiangazi kuushuka kwa mitumbwi na maboya.

Kwenye mito midogo, kama vile Calamus na Middle Loup, kuna burudani nyingine iliyotokana na ufugaji: watu huketi ndani ya tangi la duara la kunyweshea ng'ombe, lililowekwa mabenchi, na kuachia maji yawapeleke. Tangi halina usukani, huzunguka litakavyo.

Mto Snake, tawimto la Niobrara, una bwawa la Merritt, takriban kilomita 40 kusini-magharibi mwa Valentine, lililokamilika mwaka 1964. Kwa kuwa hakuna mji karibu, usiku wa hapo ni giza totoro, na tangu mwaka 1994 wapenzi wa nyota hukusanyika huko kila mwaka na darubini zao.

Maziwa ya magharibi hayana mto wa kuyatoa maji, kwa hiyo chumvi na magadi hujilimbikiza ndani yake. Maziwa hayo yalileta utajiri wa muda mfupi, ambao umeelezwa hapa chini chini ya mji wa Antioch. Hifadhi za wanyamapori za Valentine (1935) na Crescent Lake (1931) zilianzishwa hasa kwa ajili ya ndege wa maji.

Historia

Kabla ya kuja kwa walowezi, Wapawnee walikuwa wakiishi kandokando ya mito ya Loup na Platte na kuwinda baisani (nyati wa Amerika) katika vilima. Baadaye Walakota walitawala sehemu kubwa ya kaskazini na magharibi. Waponca waliishi karibu na mdomo wa Niobrara.

Habari za Waponca hazina budi kutajwa katika makala yoyote kuhusu mto huo. Mwaka 1877 serikali ilihamisha kabila zima kwa nguvu hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma, na wengi walikufa. Mmoja wa waliofariki alikuwa mwana wa chifu Standing Bear. Kijana huyo alikuwa ameomba azikwe katika nchi ya mababu, hivyo baba yake alisafiri kuelekea kaskazini wakati wa baridi kali, akiwa na watu wachache na mifupa ya mwanawe. Jeshi lilimkamata. Mwaka 1879 hakimu Elmer Dundy mjini Omaha aliamua kwamba Mwindio ni "mtu" mbele ya sheria na kwamba serikali haina haki ya kumfunga bila sababu. Standing Bear aliachiliwa, akamzika mwanawe kando ya Niobrara.

Wazungu wa kwanza waliopita Sandhills waliiona kuwa nchi isiyofaa. Luteni Gouverneur K. Warren wa jeshi la Marekani aliivuka mwaka 1857 na hakuona namna watu wangeweza kuishi humo. Hata wafugaji waliizunguka, wakiamini kwamba ng'ombe atakayeingia atapotea na kufa. Mwaka 1879 dhoruba ya theluji ilisukuma ng'ombe wengi wa ranchi moja ya Niobrara hadi ndani ya vilima. Wachungaji walioingia kuwatafuta hawakukuta mizoga, bali walikuta ng'ombe wanono, pamoja na wengine wasio na alama ya mwenyewe waliokuwa wamezaliwa humo. Habari zikaenea, na baada ya miaka michache ardhi yote ilikuwa imegawanywa na ranchi kubwa.

Ardhi hiyo ilikuwa bado mali ya umma, lakini ranchi ziliizungushia seng'enge kana kwamba ni yao. Ranchi ya Spade, iliyokuwa na makao Ellsworth, ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi. Mmiliki wake Bartlett Richards alishtakiwa na serikali ya Rais Theodore Roosevelt, akahukumiwa kifungo, akafariki mwaka 1911 akiwa bado mfungwa.

Sheria ya Kinkaid ya mwaka 1904, iliyopewa jina la mbunge Moses Kinkaid wa O'Neill, iliruhusu mlowezi achukue ekari 640 (hektari 259) bure akikaa miaka mitano. Kabla yake sheria ilitoa ekari 160 tu, kiasi kinachotosha shamba la mahindi huko Iowa lakini kisichotosha hata kundi dogo la ng'ombe kwenye mchanga. Maelfu ya watu walikuja. Kwa kuwa hakukuwa na miti, walijenga nyumba kwa matofali ya udongo wenye mizizi ya nyasi, na walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Wengi walilima, upepo ukachukua shamba, wakauza na kuondoka. Hata ekari 640 hazikutosha. Mwandishi Mari Sandoz (1896–1966), aliyezaliwa katika familia ya walowezi karibu na Niobrara, ameeleza maisha hayo katika kitabu chake Old Jules cha mwaka 1935.

Miongoni mwa waliokuja kwa sheria ya Kinkaid walikuwamo Wamarekani Weusi walioanzisha DeWitty, kando ya North Loup katika Kaunti ya Cherry, kuanzia mwaka 1907 hivi. Baadhi yao walikuwa wazao wa watumwa waliokimbilia Kanada katika karne ya 19. DeWitty ikawa makazi makubwa zaidi ya wakulima Weusi katika Nebraska mashambani, ikiwa na posta, kanisa, shule na hata timu ya besiboli. Ardhi iliyokuwa imebaki kwao ilikuwa ya mchanga kama ya wengine, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 karibu wote walikuwa wameondoka. Leo hakuna jengo lililobaki. Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kando ya barabara kuu namba 83 mwaka 2016.

Waliobaki Sandhills walinunua ardhi ya majirani waliohama, na ranchi zikawa kubwa tena. Katika miaka ya 1970 wawekezaji walijaribu kulima mahindi kwa mitambo ya umwagiliaji inayozunguka, wakachimbua nyasi kwenye matuta. Mashamba mengi ya aina hiyo yalishindwa. Leo eneo lina ng'ombe jike wa nyama zaidi ya nusu milioni, na Kaunti ya Cherry kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza nchini kwa idadi yao.

Barabara kuu

Barabara za Sandhills ni za ngazi tatu. Barabara zenye namba za kitaifa, kama vile namba 20 na 83, huvuka majimbo mengi. Barabara kuu za jimbo hupewa namba na Nebraska yenyewe na huandikwa kwa herufi N. Nyingine ni za kaunti. Kinyume cha wanavyodhani wengi, ngazi zote mbili za kwanza hujengwa na kutunzwa na jimbo, kupitia Idara ya Uchukuzi ya Nebraska.

Barabara kuu ya jimbo namba 2 ndiyo uti wa mgongo wa eneo. Kati ya Grand Island na Alliance ina urefu wa kilomita 438 hivi. Kuanzia Broken Bow hupanda polepole, huingia bonde la Middle Loup na kulifuata kupitia Dunning, Halsey, Thedford, Seneca na Mullen, kisha huuacha mto na kupita kati ya maziwa kupitia Whitman, Hyannis, Ashby, Ellsworth na Antioch. Kando yake hupita reli, na vijiji karibu vyote vilianza kama stesheni za reli hiyo iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880. Kwa miongo mingi treni ndefu za makaa ya mawe kutoka Wyoming zimekuwa zikipita hapo usiku na mchana kuelekea vituo vya umeme vya mashariki. Ajira katika karakana za reli mjini Alliance zilitegemea sana makaa hayo, na kupungua kwa matumizi yake kunawagusa wengi.

Barabara namba 20, ambayo ni ndefu kuliko zote nchini Marekani (kutoka Boston hadi pwani ya Oregon), hupita ukingo wa kaskazini kupitia Bassett, Ainsworth, Valentine na Gordon. Sambamba nayo ilikuwapo reli nyingine, iliyofika Valentine mwaka 1883 na kufungwa katika miaka ya 1990. Njia yake imegeuzwa kuwa njia ya baiskeli na ya kutembea kwa miguu, pamoja na daraja la juu sana juu ya Niobrara nje ya Valentine.

Barabara zinazokwenda kaskazini na kusini ndizo zenye upweke zaidi. Namba 83 hutoka North Platte hadi Thedford na Valentine. Kati ya Thedford na Valentine kuna zaidi ya kilomita 100 bila mji wowote njiani. Barabara ya jimbo namba 61 hutoka Ogallala kupitia Arthur na Hyannis hadi Merriman, na kipande chake cha mwisho ni cha takriban kilomita 100 pia. Namba 97 hutoka North Platte kupitia Tryon na Mullen, hupita bwawa la Merritt na kuishia Valentine. Namba 91 hutoka Dunning kupitia Brewster na Taylor hadi Burwell. Msafiri hushauriwa kujaza mafuta kila apatapo kituo, na huu si ushauri wa vitabuni tu: kijiji kilichoandikwa kwenye ramani kwa herufi nzuri kinaweza kuwa nyumba mbili na sanduku la barua.

Kujenga barabara juu ya mchanga kuna taabu zake. Bega la barabara likiachwa wazi, upepo hulichimba, kwa hiyo mafundi hutandaza nyasi kavu na kupanda mbegu mara baada ya kumaliza. Barabara nyingi za kaunti zina lami ya upana wa gari moja tu. Magari mawili yakikutana, kila moja hushusha magurudumu ya upande mmoja kwenye nyasi. Mahali barabara inapokata uzio hakuna lango, bali vyuma vilivyolazwa juu ya shimo, ambavyo gari hupita lakini ng'ombe huogopa kuvikanyaga. Katika miaka ya mvua nyingi tatizo hutoka chini: maji ya ardhini hupanda na maziwa hupanuka hadi juu ya lami, na kwa kuwa hayana njia ya kutoka hukaa miezi mingi.

Mpaka wa majira ya saa hupita katikati ya eneo. Thedford na Valentine hufuata saa za kati, Mullen, Hyannis na Arthur saa za milimani. Anayesafiri kutoka Seneca kwenda Mullen kwa dakika chache hufika karibu saa nzima kabla ya kuondoka, jambo la kuzingatiwa na mwenye miadi ya daktari.

Miji na vijiji

Mji mkubwa ndani ya vilima ni Valentine, makao makuu ya Kaunti ya Cherry, uliokuwa na wakazi 2,633 katika sensa ya mwaka 2020. Umepewa jina la mbunge Edward K. Valentine, lakini kwa sababu ya Siku ya Valentine watu wa sehemu nyingi hutuma barua zao za mapenzi zipitie posta ya mji huo ili zigongwe muhuri wake. Kaunti ya Cherry ina zaidi ya kilomita za mraba 15,500. Kwa kulinganisha, ni kubwa kuliko Mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania, wenye watu zaidi ya milioni 1.8, Cherry ina takriban 5,500.

Baadhi ya kaunti ndogo zina mji mmoja tu kila moja, na mji huo ndio mahakama, shule, duka na zimamoto. Mullen ni wa Kaunti ya Hooker, Hyannis wa Grant, Thedford wa Thomas. Brewster, makao makuu ya Kaunti ya Blaine, kilikuwa na wakazi 17 katika sensa ya mwaka 2010. Zimamoto ni ya kujitolea: moto ukizuka, wafugaji huacha kazi zao na kwenda na matangi ya maji yaliyofungwa nyuma ya pikapu. Shule zimeunganishwa mara kwa mara kwa kukosa watoto, na kila shule inapofungwa familia changa hupata sababu moja zaidi ya kuhama.

Arthur kina kanisa lililojengwa mwaka 1928 kwa marobota ya nyasi kavu, likapigwa plasta ndani na nje. Lingali limesimama na sasa ni makumbusho. Ujenzi huo ulibuniwa katika Sandhills kwa sababu nyasi zilikuwapo na miti haikuwapo, na sasa unaigwa katika nchi nyingi na watu wanaotaka nyumba zisizopitisha baridi.

Antioch, mashariki mwa Alliance, ni magofu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Marekani ilinunua potashi, mbolea iliyohitajiwa sana na mashamba ya pamba ya kusini, kutoka Ujerumani. Vita ilipokata biashara hiyo, maji ya magadi ya maziwa ya jirani yalivutwa kwa mabomba hadi Antioch na kuchemshwa ili potashi ibaki. Kijiji kidogo kikawa mji wenye viwanda kadhaa na watu wapatao 2,000. Amani ikarudi, potashi ya Ujerumani ikarudi kwa bei nafuu, na kufikia mwaka 1921 viwanda vyote vilikuwa vimefungwa. Nguzo na misingi ya saruji bado huonekana kutoka barabara namba 2.

Alliance yenyewe iko nje kidogo ya matuta. Hutembelewa kwa ajili ya Carhenge, mfano wa Stonehenge uliojengwa mwaka 1987 kwa magari mabovu yaliyosimamishwa wima na kupakwa rangi ya kijivu.

Maji, mafuta na moto

Mwaka 2008 kampuni ya TransCanada ilipendekeza bomba la mafuta la Keystone XL kutoka Alberta, Kanada, hadi Steele City kusini mwa Nebraska, ili kusafirisha mapipa 830,000 kwa siku. Njia ya kwanza ilipita Sandhills. Wakazi wengi wa vilima ni wahafidhina na hawana uadui na biashara ya mafuta, lakini waliuliza swali moja la msingi: bomba likivuja mahali ambapo maji yako mita moja au mbili chini ya mchanga, nani atayasafisha? Mwishoni mwa mwaka 2011 bunge la jimbo liliitwa katika kikao maalumu, na kampuni ikakubali kuhamisha njia. Mradi uliendelea kupingwa hata katika njia mpya. Rais Barack Obama aliukataa mwaka 2015, Donald Trump aliufufua mwaka 2017, Joe Biden alifuta kibali Januari 2021, na kampuni ikauacha Juni mwaka huohuo.

Machi 2019 mvua kubwa ilinyesha juu ya theluji na ardhi iliyoganda. Mto Niobrara, ambao kwa kawaida ni mtulivu, ulivunja barafu yake na kuisukuma kama ukuta wa vipande vizito. Tarehe 14 Machi lambo la umeme la Spencer, lililojengwa mwaka 1927 mashariki mwa vilima, lilibomoka. Mtu mmoja aliyekuwa akiishi chini yake alipotea na nyumba yake, na daraja la barabara namba 281 lilichukuliwa. Mbele zaidi mji wa Niobrara ulipoteza daraja la barabara namba 12 upande wa magharibi, na kwa miezi kadhaa wakazi walilazimika kuzunguka mbali kufika kwa majirani waliokuwa wakiwaona ng'ambo.

Moto ni jambo la kila mwaka. Karibu na Halsey kuna msitu uliopandwa kwa mikono kuanzia mwaka 1902, baada ya mtaalamu wa mimea Charles Bessey kuishawishi serikali kwamba mchanga wa Sandhills unaweza kuotesha misonobari. Kitalu chake kilikuwa cha kwanza cha serikali ya shirikisho na bado hutoa miche kwa majimbo mengine. Tarehe 2 Oktoba 2022 moto ulioitwa Bovee uliteketeza sehemu kubwa ya msitu, kambi ya vijana na mnara wa kuangalizia moto, na ofisa mmoja wa zimamoto wa kujitolea alifariki akiwa kazini.

Tangu hapo mjadala kuhusu kupanda miti umekuwa mkali zaidi. Mreteni wa mashariki, uliopandwa kwa miaka mingi kuzuia upepo kuzunguka nyumba, umesambaa wenyewe kwenye malisho kwa mbegu zinazobebwa na ndege. Hunywa maji, huua nyasi chini yake na huwaka kwa ukali. Zamani mioto ya asili iliiua miche yake ingali midogo. Baadhi ya wafugaji, ambao babu zao walipigana na kila moto, sasa hukusanyika majira ya kuchipua na kuchoma malisho yao kwa zamu, ranchi moja baada ya nyingine, huku matangi yakisubiri kando ya barabara.